Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari
Somo juu ya wasia, hiba na wakfu kwa wenye mikarafuu

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za kupalilia, kuchuma na kuanika. Leo twawaomba wanachama watuvumilie, tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja: shamba litakuwaje siku tutakapokuwa hatupo.

Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8, na ukitunzwa vyema huweza kuzaa miaka 60 na zaidi. Basi mtu apandaye akiwa na umri wa miaka 50, sehemu kubwa ya mavuno yake itachumwa na wengine. Hakuna mkulima asiyelijua hilo. Lakini ni wangapi kati yetu walioandika wengine hao ni akina nani, na kila mmoja ana haki gani?

Sote twayajua mashamba ya namna hii. Babu alikufa, mirathi haikugawanywa. Watoto wake walichuma pamoja msimu mmoja au miwili, kisha wakaanza kununiana. Nao wakafa, na leo warithi ni arubaini, wengine wako Unguja, wengine Mombasa, wengine Maskati. Mkarafuu ukifa hakuna apandaye mwingine, maana kila mmoja ajiuliza, "Nitampandia nani?" Lakini karafuu zikiwiva, kila mmoja yuko tayari na pakacha lake. Shamba kama hilo halikuuawa na maradhi wala ukame. Limeuawa na kutogawanywa.

Somo letu ni kwa wanachama Waislamu, ambao ndio wengi, na twafuata madhehebu ya Shafi. Walio Ibadhi wawaulize wanavyuoni wao palipo na tofauti. Wanachama wasio Waislamu wapate shauri la wakili.

KWANZA: MPANGO WA MIRATHI

Mtu akifa, mali yake haiendi moja kwa moja kwa warithi. Kwanza hutolewa gharama za maziko. Pili hulipwa madeni. Tatu hutolewa wasia, nao hauzidi theluthi ya kilichobaki. Nne ndipo warithi hupata mafungu yao. Mke hupata thumni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Mume hupata robo ikiwa marehemu mke wake ameacha mtoto, na nusu ikiwa hakuacha. Mama wa marehemu hupata sudusi ikiwa kuna mtoto. Mtoto mwanamume hupata mafungu mawili, na mwanamke fungu moja.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ameacha mikarafuu 144 baada ya maziko na madeni kumalizwa. Wazazi wake walikwisha tangulia. Ameacha mke, watoto wanaume wawili na mwanamke mmoja. Tena anaye mjukuu, mtoto wa mwanawe aliyekufa zamani. Mjukuu huyu harithi kitu, maana ami zake wapo. Lakini mzee aliona mbele, akamwandikia wasia wa mikarafuu 24. Theluthi ya 144 ni 48, basi wasia huo umo ndani ya mpaka. Imebaki 120. Mke apata thumni, yaani 15. Zimebaki 105, ambazo ni mafungu matano ya 21. Kila mtoto mwanamume apata 42, na binti apata 21.

Lau mzee asingeandika, yatima yule angetoka mikono mitupu, na asingekuwapo wa kulaumiwa ila mzee mwenyewe.

Tuongeze neno moja. Mkarafuu na mkarafuu si sawa. Mmoja uko bondeni na umeshiba, mwingine uko kilimani na umezeeka. Wanaogawana wasihesabu magogo tu. Wamwite mtu mwenye ujuzi aikadirie miti kwa uzao wake.

PILI: DAFTARI

Kabla ya wasia kuna daftari. Mwanachama na aandike haya, kwa wino, na atie tarehe:

Mashamba yake yote, mahali yalipo, shehia gani, na mipaka yake kwa kila upande, pamoja na majina ya majirani.

Hesabu ya mikarafuu, minazi na miti mingine. Kwetu mwenye miti si lazima awe ndiye mwenye haki ya ardhi. Ikiwa una miti katika shamba la mwenzio, au mwenzio ana miti katika lako, andika.

Hati ulizonazo na mahali zilipowekwa. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na alichonacho mtu ni haki ya kuitumia. Wenye eka tatu zilizotolewa na Serikali baada ya mwaka 1964 wayasome masharti ya hati zao na waulize katika afisi ya ardhi kabla ya kuandika lolote. Mikarafuu uliyoikodi si mali yako. Usiwaandikie wanao.

Madeni, unayodai na unayodaiwa. Hasa andika fedha ulizochukua kwa kuahidi karafuu za msimu ujao. Deni lisiloandikwa huzaa mashahidi wa uwongo.

Wake, watoto na wazazi walio hai. Mtoto wa mke uliyemwacha miaka 30 iliyopita ni mtoto wako, na anarithi. Afadhali ndugu zake wajue leo kwa kalamu yako kuliko wajue siku ya hitima.

TATU: WASIA

Wasia ni kwa wasiorithi: mjukuu aliyefiwa na baba, mtoto wa kulea, jirani aliyekuuguza, madrasa au msikiti. Kumuusia mrithi hakupiti ila warithi wenzake wakubali baada ya kifo. Kwa hiyo anayeandika kwamba shamba lote liwe la mtoto mkubwa amewaandikia watoto wake ugomvi.

Wasia uandikwe wazi, usomwe mbele ya mashahidi wawili waadilifu wasiopata kitu ndani yake, nao watie saini. Mtaje wasii, yaani mtu utakayemwamini kulipa madeni yako na kutekeleza uliyoyasema, na umuulize kwanza kama anakubali. Nakala moja akae nayo yeye. Wasia waweza kubadilishwa wakati wowote ungali hai na akili zako timamu. Ukibadilisha, chana wa zamani ili zisionekane karatasi mbili.

NNE: HIBA

Atakaye kumpa mrithi kitu maalumu na ampe akiwa hai. Hiyo ndiyo hiba, na mali iliyotolewa hiba kwa ukamilifu haimo tena katika mirathi. Lakini hiba ina sharti ambalo wengi hulisahau, nalo ni kukabidhi. Mzee asemaye, "Shamba la bondeni nimempa Fulani," kisha akaendelea kulichuma, kuliuza na kula fedha zake mpaka akafa, ameacha maneno ambayo nduguze Fulani watayapinga, na huenda wakashinda. Ukitoa, mkabidhi: alipalilie yeye, akodi wachumaji yeye, auze kwa jina lake. Kisha mabadiliko yaandikishwe katika afisi ya ardhi.

Hiba itolewayo katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia: haizidi theluthi, wala haiendi kwa mrithi bila ya ridhaa ya wenziwe. Kwa hiyo usingoje kitandani.

Tena twasema bila kuficha: hiba isifanywe hila ya kuwanyima mabinti. Twasikia wengine wakisema kwamba binti akipewa shamba, shamba limetoka ukoo, litakwenda kwa mumewe. Fungu la binti limewekwa na sheria ya Mwenyezi Mungu, si na kaka zake. Masheikh wetu hutuhimiza tuwalinganishe watoto katika kuwapa. Mara nyingi anayemtunza mzee katika uzee wake ni huyo huyo binti.

TANO: WAKFU

Wakfu ni kuifunga mali isiuzwe, isitolewe hiba wala isirithiwe, na faida yake iende mahali ulipopataja: msikiti, madrasa, mafakiri, au dhuria zako na mwisho wake kheri isiyokatika. Wakfu uliotimia umekwisha kutoka mikononi mwako. Huwezi kuurudisha. Kwa madhehebu ya Shafi mtu hajiwekei wakfu nafsi yake, basi asiweke wakfu shamba analolitegemea kwa chakula chake. Na ukisema, "Nikifa, shamba hili liwe wakfu," hilo ni wasia, na mpaka wake ni theluthi.

Wakfu wa mikarafuu wataka neno moja zaidi. Nyumba ya mawe hukaa, bali mti hufa. Andika kwamba fedha za mavuno zianze kwa kupalilia na kupanda miche mahali pa miti iliyokufa, kisha kinachobaki ndicho kigawanywe. Pasipo sharti hilo, msimamizi atagawa yote kila mwaka, na baada ya miaka 40 wakfu utakuwa kichaka. Mtaje msimamizi, na umtaje atakayemfuata. Kisha wakfu uandikishwe katika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo ndiyo yenye kazi ya kuangalia wakfu na pia kugawa mirathi ya Waislamu.

Wanachama wenye watoto Marekani watasikia habari za amana ya uhai. Huko mtu huandika kwamba mali yake imo katika amana, naye akiwa hai ndiye msimamizi na aweza kuivunja apendapo. Akifa, msimamizi wa pili huwapa waliotajwa bila ya kupitia mahkama ya mirathi, ambako wasia mtupu ungelazimika kupita. Jambo hilo lafaa kwa mali iliyoko huko na kwa sheria ya huko. Mtu asiichukue karatasi ya namna hiyo akadhani imekwisha gawa mikarafuu yake ya Pemba. Wakfu haurudishwi kama amana ile, na mirathi yetu ina mafungu yake.

MWISHO

Hatuahidi kwamba aliyeandika hatapelekwa kwa Kadhi. Mirathi itahitaji kuthibitishwa warithi ni nani, na wenye haki ya kugombana hawakatazwi. Lakini penye daftari, mipaka iliyotajwa, madeni yaliyohesabiwa na wasia wenye mashahidi, kazi ya siku chache haigeuki kesi ya miaka. Karafuu hazingoji hukumu. Warithi wakivutana mwezi mmoja wakati wa kuchuma, karafuu zitafunguka maua mtini, na thamani imekwenda.

Basi twapendekeza hivi. Kabla ya msimu ujao, kila mwanachama akae na mkewe na watoto wake siku moja baada ya sala ya Alasiri, ahesabu miti yake pamoja nao, aandike daftari. Wiki ifuatayo aende kwa mwanachuoni anayemwamini amuulize kuhusu wasia, hiba au wakfu. Wenye shamba la mirathi ambalo halijagawanywa tangu zamani za babu na waanze leo, kabla hawajaongezeka warithi wengine. Ni kazi nzito, twakiri, na pengine yataka subira ya misimu miwili. Lakini siku kila mtu atakapojua ipi ni miti yake, ndiyo siku miche itakapoanza kupandwa tena.