Dawa za Kusafisha Zitiwazo Katika Dizeli na Oili ya Malori

Katika wilaya nyingi za mashamba lori ni tegemeo la watu wengi pamoja. Huenda likawa la chama cha ushirika kinachopeleka kahawa au pamba, au la mfanyabiashara mmoja ambaye kijiji kizima humngojea kwa chumvi na saruji. Injini ya lori la namna hiyo ikifa, gharama ya kuitengeneza yaweza kula faida ya msimu mzima. Ndiyo sababu wenye malori huvutwa sana na zile chupa ndogo ziuzwazo madukani na katika vituo vya mafuta, ambazo husemwa kwamba zikimiminwa katika tanki la dizeli au katika oili zitaisafisha injini na kuirudishia nguvu zake. Je, maneno hayo ni kweli? Baadhi ya dawa hizo hufanya kazi ya kweli, lakini kazi yake ni ndogo kuliko isemwavyo. Tena zikitumiwa pasipo kufikiri zaweza kuiua injini ambayo ingaliweza kufanya kazi miaka zaidi.

Yafaa kwanza tueleze uchafu watoka wapi. Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel alifanikiwa kuiendesha vema katika mji wa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haiwashi mafuta kwa cheche ya umeme kama injini ya petroli. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ikawa ya moto sana, kisha dizeli hurushwa humo na nozeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe. Ukungu ule usipokuwa mwembamba, au hewa isipotosha, mafuta mengine hayaungui sawasawa bali hugeuka masizi. Sehemu ya masizi hayo hutoka kwa bomba la moshi, na sehemu hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka katika oili. Pamoja nayo huteremka maji kidogo na asidi, hasa dizeli ikiwa na salfa nyingi.

Jambo hili liliwasumbua sana watengenezaji wa kwanza. Kampuni ya Caterpillar ya Marekani ilianza kuuza trekta la dizeli mwaka 1931, na muda si muda ikaonekana kwamba ringi zilikuwa zikinata katika mifuo ya pistoni, maana oili ya siku zile ilishindwa na joto ikawa kama gundi. Ringi iliyonata haibani tena: moshi hupita, nguvu hupungua, na oili huliwa. Wakemia wakatafuta kitu cha kuchanganya katika oili ili gundi ile isishike chuma cha moto, na mwaka 1935 kampuni ya Standard Oil of California ikatoa oili iitwayo Delo, iliyokusudiwa injini za dizeli hasa. Tangu wakati ule dawa ya kusafisha imekuwa sehemu ya oili yenyewe. Msomaji na alishike sana jambo hili, maana wauzaji wa chupa hawalitaji: oili nzuri ya dizeli unayoinunua leo imekwisha kutiwa dawa kiwandani.

Dawa zilizomo ni za namna mbili. Namna ya kwanza, ambayo aghalabu ina kalisi au magnesi, huzuia utando usishike chuma, na pia huvunja ukali wa asidi. Namna ya pili huzunguka kila chembe ya masizi na kuitenga na wenzake, zisipate kukutana na kufanya tope. Hivyo masizi huelea katika oili mpaka siku ya kumwagwa. Sasa dereva atafahamu kwa nini oili mpya huwa nyeusi baada ya safari chache tu. Wengi wakiona weusi ule hudhani wameuziwa oili mbovu. Sivyo. Dobi hashangai maji yake yakichafuka, maana huo uchafu ulikuwa katika nguo. Oili ya dizeli ikikaa muda mrefu bila kubadili rangi, pengine ndipo fundi ajiulize uchafu umebaki wapi.

Lakini maji ya dobi nayo huchoka. Dawa iliyomo katika oili hutumika kidogo kidogo, na ikiisha, masizi hushikamana, asidi hula beringi, na tope hukaa chini ya injini katika lile bakuli ambalo mafundi huliita sampu. Rangi haiwezi kuonyesha siku hiyo. Kinachoonyesha ni maili au saa za kazi, zilizoandikwa katika daftari na kulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji. Lori lipitalo barabara za vumbi na kubeba mizigo mizito hubadilishiwa oili mapema kuliko lile la barabara ya lami. Kuongeza chupa ya dawa katika oili iliyokwisha changanywa vema hakuna faida kubwa, na watengenezaji wengi wa injini hawashauri jambo hilo, kwa kuwa dawa za oili zimepimwa ili zipatane. Malori ya siku hizi yenye chujio la masizi katika bomba la moshi yahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu dawa zenye madini zikiungua huacha jivu, na jivu hilo huziba chujio.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Ziko dawa kali za kuosha injini, ambazo hutiwa katika oili kuukuu injini ikiwa na joto, ikaachwa kunguruma bila mzigo kwa dakika zilizoandikwa katika chupa, aghalabu 10 au 15, kisha oili yote humwagwa na chujio hubadilishwa. Lori halipasi kuendeshwa wakati huo hata hatua moja, maana oili imekuwa nyepesi. Mahali pengine watu hutumia mafuta ya taa kwa kazi hiyo, na wengine huthubutu hata kwenda nayo sokoni na kurudi! Tuseme injini imefanya kazi miaka mingi kwa oili duni isiyobadilishwa kwa wakati, na tope limekaa kila pembe. Dawa kali ikibandua tope lile kwa mara moja, vipande vyake hushuka na kuziba wavu wa pampu ya oili. Beringi hukosa oili, na katika dakika chache mtaimbo mkuu wa injini huharibika. Mwenye lori atasema kwamba dawa ilikuwa sumu, kumbe ilifanya kazi yake kupita kiasi. Injini chafu namna hiyo ni heri isafishwe polepole: tia oili nzuri ya kawaida, ibadilishe pamoja na chujio baada ya nusu ya muda uliowekwa, kisha fanya hivyo tena mara mbili au tatu. Ikiwa tope ni nyingi mno, fundi na afungue sampu akaikwangue kwa mkono.

Kwa upande wa dizeli, dawa ya kusafisha nozeli yaweza kusaidia kweli. Matundu ya nozeli ni membamba sana, na katika malori mengi mapya dizeli husukumwa kwa nguvu ipitayo mara 2,000 ya uzito wa hewa ituzungukayo, hata utando mdogo hupotosha ule ukungu tuliousema. Dalili zake ni moshi mweusi, mngurumo usio sawa na dizeli kuliwa zaidi. Walakini moshi mweusi hutoka pia chujio la hewa likijaa vumbi, na hapo dawa haifai kitu. Likaguliwe chujio kwanza, maana kulisafisha au kulibadilisha ni kazi ndogo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, nao hautibiwi kwa dawa ya dizeli.

Kipimo kifuatwe kama kilivyoandikwa. Walimu waweza kuwapa wanafunzi hesabu hii: chupa yaagiza sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 1,000 za dizeli, na tanki lina lita 200; dawa itakayotiwa ni mililita 200, wala kuzidisha hakusafishi maradufu. Dawa itiwe kwanza, kisha dizeli, ili ichanganyike. Tena kwa lori kuukuu dereva achukue chujio la akiba safarini, kwa sababu dawa huamsha uchafu uliolala katika tanki, nao huenda ukaziba chujio mbali na gereji. Dawa ya petroli isitiwe katika dizeli.

Maji katika dizeli ndiyo adui mkubwa, nayo hayaondolewi kwa kusafisha nozeli. Hufanya kutu, na vijidudu huota pale maji na dizeli vikutanapo, vikafanya ute. Utingo na afungue kizibo cha chini cha chujio kila asubuhi kabla injini haijawashwa, amwage maji mpaka dizeli safi itoke.

Kuhusu salfa, hali ni nzuri kuliko zamani, kwani nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka kipimo kipya mwaka 2015, dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni moja. Linalobaki ni udanganyifu wa kuchanganya mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi chuma kama dizeli, nayo pampu na nozeli husagika. Kitu kilichosagika hakirudishwi na dawa yoyote. Atakaye kuikagua dizeli yake aitie katika chupa nyeupe ya kioo, aiache usiku kucha: maji na mchanga vitakaa chini vionekane. Mafuta ya taa hayataonekana hivyo, maana huchanganyika kabisa. Kwa hayo, mwenye lori anunue mahali pamoja panapoaminika, aweke stakabadhi kila mara, na kuandika ndani ya daftari lake tarehe, lita na maili.