Kumkaribisha Nyumbani Mbwa Mdogo Aliyekwisha Kukua

Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Usemi huo huwafaa wanadamu, lakini mtu aliyeleta nyumbani mbwa mzima kutoka kwa watu wengine asiufuate, kwa kuwa siku ya tatu mbwa huyo bado hajafika. Mwili wake umefika. Masikio yake yangali yanatafuta mlango wa nyumba ya zamani.

Upo usemi wa pili unaowapoteza watu katika jambo hili, nao ni ule wa kumkunja samaki angali mbichi. Kwa ajili yake wengi hutaka mtoto wa mbwa na kumkataa mbwa mzima, wakidhani kwamba hafundishiki tena. Si kweli. Mbwa hujifunza maisha yake yote, na aliye mzima aghalabu amekwisha kuacha utundu wa kutafuna viatu na kurarua nguo kambani. Aidha, mbwa wa jamii ndogo huishi miaka mingi kuliko mbwa wakubwa, mara nyingi 12 hata 15. Basi anayemchukua mbwa mdogo wa miaka 5 hakuchukua mzee wa kumzika kesho.

Katika Nairobi mbwa wa namna hii hupatikana zaidi kwa njia mbili. Ya kwanza ni chama cha kulinda na kutunza wanyama kiitwacho KSPCA, chenye asili yake tangu mwaka 1910, ambacho hupokea wanyama waliotupwa au kuteswa katika makao yake ya Karen na kuwatafutia wenyeji wapya. Ya pili haiandikwi katika daftari lo lote. Jamaa ya wageni imemaliza mkataba wa kazi na kurudi kwao; mbwa ameachiwa mpishi au mtunza bustani, naye amempeleka nyumbani kwake Machakos, Kiambu au Kisii. Mbwa aliyezoea kulala juu ya zulia amejikuta katika boma lenye mbuzi, kuku na watoto wengi. Hakuna aliyemwuliza shauri.

Mbwa wa namna hii ana taabu moja ambayo watu hawaifikirii, nayo ni lugha. Maneno yote aliyofundishwa ni ya Kiingereza. Akiitwa kwa Kikamba haji, akikatazwa kwa Kiswahili hasikii, na wenyeji husema kwamba ana kiburi cha Wazungu. Hana kiburi, hajui maneno. Dawa yake ni nyepesi. Yafaa kwanza kuwauliza waliomlea ni maneno gani aliyoyazoea, na kuyatumia hayo hayo kwa siku za mwanzo pamoja na jina lake la zamani. Baadaye litamkwe neno jipya kwanza, na neno la zamani lifuate mara moja, kisha apewe kipande kidogo cha chakula anapotii. Baada ya marudio mengi ataanza kutii neno jipya kabla hajalisikia lile la zamani. Ishara za mkono humsaidia zaidi, kwa kuwa mbwa husoma mwili wa mtu upesi kuliko maneno yake.

Kabla mbwa hajaletwa, ua ukaguliwe kwa macho ya kuku. Po pote anapopita kuku, kijibwa naye hupita, na katika siku za kwanza hatorokei mahali fulani, bali hukimbia tu, hata akafika barabara kuu. Kwa sababu hiyo haifai kumfungua nje ya ua kwa majuma kadhaa, hata akionekana mpole. Naye avae mkanda wenye kibati kilichochorwa namba ya simu ya mwenyewe. Kamba ya kumwongoza ni afadhali ifungwe kwenye mkanda wa kifuani kuliko wa shingoni, kwa kuwa koo la mbwa mdogo ni jembamba na huumia upesi akivutwa. Sumu ya panya iondolewe kabisa. Kipande kinachomwua panya chaweza kumwua na kijibwa.

Achaguliwe pembe moja iliyo kimya, isiyo njia ya watu, iwe yake. Sanduku la mbao lililolazwa upande na kutandikwa gunia safi latosha, nalo likiwa na kitambaa kilichotoka nyumba yake ya zamani ni bora zaidi, maana harufu ndiyo anayoifahamu. Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Pwani, wafuatao madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na mbwa hakai ndani. Hilo halimzuii mtu kumtunza vema: kibanda kikavu barazani au uani, chombo chake mwenyewe cha kulia, na kivuli mchana, basi. Lakini Limuru au Nyandarua, katika baridi ya Julai, mbwa mdogo mwenye manyoya mafupi hawezi kulala nje kama mbwa wa kulinda ng'ombe.

Siku ya safari asipewe chakula kingi, asije akatapika njiani, naye abebwe ndani ya kikapu au sanduku lenye matundu. Akifika, kwanza apelekwe mahali pa kujisaidia, asubiriwe hapo, na akimaliza asifiwe. Kibofu chake ni kidogo; kwa hiyo atolewe asubuhi mapema, kila baada ya kula, kila anapoamka, na kabla ya kulala. Akichafua sakafu, mahali hapo pasafishwe hata harufu itoke. Kumsugua pua katika uchafu, kama wengine wafanyavyo, hakumfundishi ila jambo moja: kwamba mikono ya watu wa nyumba hii si ya kuaminiwa.

Majirani watataka kuja kumwona. Wangoje. Usiku wa kwanza huenda akalia, na mtu akilala karibu naye kwa siku chache, au sanduku likisogezwa penye sauti za watu, hutulia mapema. Huenda pia asile kabisa siku ya kwanza. Apewe maji, na chakula alichozoea, mara mbili kwa siku, kwa saa zile zile. Ikiwa ni lazima kukibadili, kipya kichanganywe na cha zamani kidogo kidogo kwa muda wa juma moja, tumbo lisiharibike. Ugali peke yake haumtoshi. Ahitaji nyama, samaki au mayai pamoja nao. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake, na mifupa iliyopikwa hupasuka na kumchoma matumbo. Matumbo na maini mabichi ya mbuzi au kondoo asipewe kamwe, kwa kuwa ndiko anakopata tegu ambaye mayai yake, yakimwingia mtu, hufanya vifuko vya maji ndani ya ini na mapafu. Ugonjwa huo umewatesa sana watu wa Turkana.

Hayo ni ya kazi za mikono, na watu wengi huyatimiza. Wanaposhindwa ni katika kumsoma mbwa mwenyewe.

Mbwa mwenye hofu husema mengi kabla hajauma. Hugeuza uso upande. Hujilamba midomo ilhali hakuna chakula. Hupiga miayo bila usingizi. Hukunja mkia chini ya tumbo, hulaza masikio, au hukaza mwili wote kama ubao, na weupe wa jicho lake huonekana pembeni. Hizo zote ni namna za kusema, "Tafadhali, sogea kidogo." Asiposikiwa, hunguruma. Na hapa ndipo mbwa mdogo anapodhulumiwa. Mbwa mkubwa akinguruma, watu hurudi nyuma, na mwenye nyumba hutundika langoni kibao cha "Mbwa Kali", ambacho sarufi yake ingesahihishwa na mwalimu ye yote. Kijibwa akinguruma, watu hucheka. Humwinua juu wakamtazama usoni, wakamwita shujaa, wakawaita na wengine waje kumsikia. Mnyama asiyefika hata gotini mwa mtu amenyanyuliwa ghafula kutoka ardhini, amekazwa mbavu, na maombi yake yote yamefanywa mchezo. Hatimaye huuma, na hapo husemwa kwamba ameuma bila sababu.

Wengine hawacheki bali humpiga kwa kunguruma. Hilo ni baya zaidi. Fimbo haiondoi hofu. Huondoa sauti tu. Mbwa aliyefundishwa kwa fimbo kwamba asingurume hubaki na hofu yake ile ile, na siku nyingine huuma kimya bila kuonya. Ni heri kushukuru mngurumo, kumwachia nafasi, kisha kutafuta kilichomwogofya: huenda ni mkono uliotokea juu ya kichwa chake, au kofia, au mtu aliyesimama kati yake na chakula. Anayetaka kujuana naye achuchumae kwa upande, asimkazie macho, anyoshe mkono chini, na kungoja. Mbwa akija mwenyewe, aguswe kifuani au ubavuni, kwa muda mfupi, kisha mkono uondolewe. Akisogea tena, ametoa ruhusa. Akibaki alipo, hajaitoa.

Watoto wafundishwe mambo matatu kabla mbwa hajaingia: wasimwinue, wasimguse akila, wasimfuate akiwa katika sanduku lake. Walio wadogo mno kushika mafundisho wasiachwe naye peke yao hata dakika moja.

Hata hivyo jino laweza kugusa ngozi, na hapo hakuna mzaha. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa wa pembezoni mwa Nairobi, wala hakijatoka. Mwaka 2014 Serikali ilitangaza mpango wa kukikomesha kisiue watu tena ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Kwa hiyo mbwa mgeni, hata akiwa safi kama pamba, apelekwe kwa daktari wa wanyama katika juma la kwanza. Cheti cha chanjo kikikosekana, achanjwe upya, na sindano irudiwe kila mwaka. Apewe pia dawa ya minyoo na ya kupe. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata jeraha likiwa dogo kama la sindano. Ugonjwa ukikwisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa aliyeuma naye asiuawe na kutupwa, bali afungiwe mahali salama na daktari wa wanyama aarifiwe ili amwangalie kwa siku 10.

Ikiwa boma lina mbwa mwingine, wasikutanishwe mlangoni, ambapo mwenyeji huona amevamiwa. Wakutane njiani, kila mmoja na kamba yake, watembezwe pamoja kwa umbali, kisha waingie nyumbani pamoja. Wale mbali mbali.

Wanaowatunza wanyama hawa hupima kwa siku tatu za kushangaa, majuma matatu ya kuzoea saa za nyumba, na miezi mitatu ya kuwa mwenyeji. Kipimo hicho si sheria. Aliyepigwa sana huchukua muda mrefu zaidi. Kazi inayobaki nyuma kuliko zote ni kumzoeza kuachwa peke yake, hasa katika vyumba vya mjini, ambamo kilio cha mbwa humfikia mwenye nyumba mapema kuliko kodi. Mtu atoke, ahesabu hadi kumi, arudi kabla kilio hakijaanza, bila shangwe wala maneno mengi. Kesho yake atoke dakika moja, kisha tano, kisha aende dukani na kurudi. Kilio kikianza, muda wa siku iliyofuata upunguzwe, na hesabu ianze tena kutoka hapo.