Maziwa ya Kondoo Yanapopungua: Dalili kwa Mfugaji na kwa Mhudumu wa Afya

Katika nchi za Bahari ya Mediterania, kondoo hufugwa ili maziwa yao yatengenezwe jibini. Maziwa yakipungua, sababu huwa mojawapo kati ya tatu kuu.

Ya kwanza ni lishe. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya kondoo ni maji; hivyo kiu, malisho haba na joto kali huonekana upesi katika ndoo. Ya pili ni uvimbe wa kiwele. Bakteria huingia kupitia chuchu, kiwele huwa kigumu na chenye joto, na maziwa hutoka na mabonge. Uvimbe uliojificha hauonyeshi dalili, ila hupunguza maziwa kidogo kidogo. Ya tatu ni maradhi ya kundi zima, hasa brusela, ambayo huwafanya kondoo watupe mimba.

Maradhi hayo ya mwisho humpata binadamu pia. Mwaka 1905, huko Malta, Themistocles Zammit aligundua kuwa mbuzi hubeba vimelea vyake, navyo humfikia mtu kwa maziwa mabichi. Mgonjwa hupata homa ya kupanda na kushuka, jasho jingi na maumivu ya viungo.

Basi mhudumu amuulize mwenye homa isiyokwisha: je, hunywa maziwa mabichi? Je, mifugo yake imetupa mimba? Mfugaji naye achemshe maziwa, avae glavu anapozalisha kondoo, na amwite daktari wa mifugo mapema.