Umepangiwa kutetea uhafidhina? Msome Burke kwanza

Barua niliyoichagua safari hii imetoka kwa binti wa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Mwalimu wao ameandaa mdahalo: nusu ya darasa itetee uliberali, nusu uhafidhina. Yeye kaangukia uhafidhina na roho inamuuma. Ananiuliza atasimamaje mbele za watu kuwatetea wakandamizaji.

Mdogo wangu, shukuru kwa ulichopangiwa. John Stuart Mill, mliberali wa kutajika, aliandika mwaka 1859 katika On Liberty kwamba anayejua hoja za upande wake peke yake hata huo upande wake haujui vizuri. Nawe utaingia kwenye mdahalo ukiwa umeshika pande zote mbili.

Anza na Edmund Burke, mzaliwa wa Dublin aliyekuwa mbunge wa Uingereza. Kwenye muhtasari wa darasani huonekana mzee mpenda wafalme, basi. Lakini makoloni ya Marekani yalipogombana na London juu ya kodi, Burke alisimama bungeni kutaka yasikilizwe. Warren Hastings, aliyekuwa gavana mkuu wa Bengal, alipotuhumiwa kuwadhulumu Wahindi, Burke ndiye aliyeongoza mashtaka. Kesi hiyo ilianza mwaka 1788 ikaisha 1795, na Hastings akaachiwa huru. Burke hakuwahi kukanyaga India. Wenzako wakianza kumwita mkandamizaji, waulize hilo wanalielezaje.

Sasa kwa nini mtu huyo aliyapinga Mapinduzi ya Ufaransa? Tazama tarehe, maana hapo ndipo penye nguvu ya hoja yako. Kitabu chake dhidi ya Mapinduzi hayo kilitoka Novemba 1790, mfalme angali hai na mauaji makubwa bado hayajaanza. Burke alikuwa anapinga wazo kwamba kizazi kimoja kinaweza kukaa chini na kuiunda nchi upya kutoka kichwani. Kwake sheria, mahakama, dini na desturi vilibeba akili ya watu wengi waliotangulia, akili ambayo mtu mmoja hawezi kuipata katika maisha yake. Jamii aliiona kuwa ni mapatano kati ya waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Mabadiliko hakuyakataa, alisema dola isiyoweza kubadilika haiwezi hata kujihifadhi. Alichokiogopa ni kuvunja kila kitu kwa pamoja, kwa sababu mamlaka yote yakishavunjwa, watu humfuata yule mwenye jeshi. Alitabiri kwamba jenerali anayependwa na askari wake angekuja kuwa bwana wa Ufaransa. Burke alifariki 1797. Miaka miwili baadaye Napoleon Bonaparte akatwaa madaraka.

Wapinzani wako watakuletea Thomas Paine, na wasipomleta watakuwa wamejinyima. Katika Rights of Man, 1791, alimjibu Burke kwamba wafu hawana haki ya kuwatawala walio hai kutoka makaburini. Kila kizazi kina uhuru wa kujiamulia. Katika sehemu ya pili ya kitabu hicho, 1792, alipendekeza serikali iwalipe wazee maskini kuanzia umri wa miaka 50 na isaidie watoto wa maskini. Fikiria, karne ya kumi na nane!

Utajaribiwa kuwakumbusha kwamba Mapinduzi hayohayo yalimtupa Paine gerezani mwishoni mwa 1793. Ukilisema, liseme lote. Akiwa mjumbe wa bunge la Ufaransa, alisimama kuomba mfalme asiuawe. Aliamini haki ni za kila mtu, hata mfalme aliyepinduliwa. Usimfanyie dhihaka mtu wa namna hiyo.

Ninayemhofia zaidi kwa ajili yako ni Mary Wollstonecraft. Alimjibu Burke kwa maandishi mwaka uleule wa 1790, kabla ya Paine. Burke alikuwa ameyaomboleza kwa uchungu masaibu ya malkia wa Ufaransa, Wollstonecraft akahoji mbona huruma hiyo haiwafikii maskini. Kisha akagonga penyewe: ikiwa ukongwe wa jambo unatosha kulihalalisha, basi utumwa ungedumu milele. Mwaka 1792 akaipeleka hoja hiyohiyo kwa wanawake, waliokuwa wananyimwa elimu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Nami nasema kwa moyo wangu wote: hapo alimshinda. Mdogo wangu, likubali jukwaani mbele za watu, halafu endelea. Waambie kwamba mwaka 1780 Burke alikuwa ameandika rasimu ya sheria za kuibana biashara ya watumwa na kuielekeza hatua kwa hatua kwenye kukoma kwake. Huo ndio uhafidhina wake katika vitendo: ovu liondolewe, ila taratibu na kwa sheria. Hapo mtu wa upande wa pili atasimama akuulize aliyefungwa minyororo angoje miaka mingapi. Nimemsoma Burke nikilitafuta jibu la kuniridhisha, sikulipata, wala sitakutungia. Wewe kaa na swali hilo siku kadhaa kabla ya mdahalo, na utakachokiamini ndicho ukiseme.