Je, Paka Aliyehamishwa Humsahau Mfugaji Wake?

Mwalimu anayehamishwa kutoka Piyaya kwenda Karatu huchukua vitabu na vyombo vyake, lakini paka wake aghalabu humwachia jirani. Tuseme mwalimu huyo anarudi kutembea baada ya mwaka mmoja. Paka amelala kivulini. Anageuza masikio, anamtazama mgeni kitambo, kisha anafumba macho tena. Waliopo husema mara moja: "Amekwisha kumsahau." Je, kauli hiyo ina ushahidi?

Kuona na kudhani

Kilichoonekana ni kwamba paka hakumwendea mwalimu. Kwamba amemsahau ni dhana tu. Kutambua ni kazi ya ubongo, na kukaribia ni tendo la mwili. Mnyama aweza kufanya la kwanza bila kufanya la pili. Mwanafunzi wa sayansi hana budi kuyatenganisha mambo haya mawili kabla ya kutoa hukumu.

Mwaka 2013 watafiti wa Kijapani, Atsuko Saito na Kazutaka Shinozuka, walichapisha matokeo ya jaribio waliloliandaa kwa kusudi hilo. Paka 20 walisikilizishwa, nyumbani mwao, sauti zilizonaswa za watu wakiwaita. Kwanza zilisikika sauti tatu za wageni, ya nne ikawa ya mfugaji, na ya tano ya mgeni mwingine. Kadiri wageni walivyoendelea kuita, paka wengi walizidi kupuuza. Iliposikika sauti ya mfugaji, wakashtuka tena. Lakini walishtuka kwa namna gani? Kwa kugeuza kichwa na masikio. Ni wachache sana waliolia au kuondoka walipokuwa. Kwa hiyo paka alimtambua mfugaji wake, ila hakuona haja ya kumwendea. Jaribio hilo lilihusu wafugaji wa wakati huo, wala si wa zamani; hata hivyo linatufunza kwamba utulivu wa paka si dalili ya kusahau.

Asili ya tabia hiyo

Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa kufugwa wametokana na kimburu, yaani paka mwitu ambaye jina lake la kisayansi ni Felis lybica. Kimburu wanaishi hata leo katika tambarare za Serengeti, ambazo Piyaya imo kando yake upande wa mashariki. Kimburu huwinda peke yake, kwa sababu mawindo yake, kama vile panya, hayatoshi kugawanywa. Mnyama wa namna hiyo hahitaji sana ishara kubwa za kumlaki mwenzake.

Paka hutegemea mno harufu. Anapojisugua shavu mguuni mwa mtu, humpaka harufu itokayo katika tezi za usoni mwake. Mfugaji aliyekaa mbali mwaka mzima hurudi na harufu ya nyumba nyingine, na pengine ya wanyama wengine. Si ajabu basi kwamba paka hutaka kwanza kumnusa kwa uangalifu.

Ushahidi wa simba

Simba naye ni wa jamii ya paka, lakini huishi kwa makundi, na wenzi wanapokutana husuguana vichwa. Kwa hiyo yale ambayo paka huyaficha, simba huyaonyesha wazi. Mfano mashuhuri ni simba Christian, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1969 na kulelewa London na vijana wawili wa Australia, John Rendall na Anthony Bourke. Mwaka 1970 alihamishiwa Kora, kusini mwa Mto Tana nchini Kenya, chini ya uangalizi wa Bwana George Adamson. Vijana wale walipomtembelea mwaka 1971, Christian alisimama kwanza akawatazama, akasogea polepole, kisha akatimua mbio na kuwawekea miguu ya mbele mabegani. Tukio hilo lilipigwa filamu. Aliwatambua, lakini hakuacha maisha yake ya porini kwa ajili yao.

Kutambua si kufugika

Hapa ndipo penye somo kubwa kwa wakazi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Simba Boy, aliyezoea watu na kutumiwa katika filamu ya Born Free, alimwua mfanyakazi wa kambi ya Adamson mwaka 1971, na Adamson akalazimika kumpiga risasi. Kabla ya hapo, mwaka 1961, watoto watatu wa simba jike Elsa, waliozoea kulishwa kambini, walihamishwa kutoka Kenya hadi Serengeti kwa sababu walikuwa wakishambulia mbuzi wa wanavijiji. Kumbukumbu ya binadamu haimwondolei mnyama silika yake, bali humpunguzia hofu. Mnyama mwitu asiyemwogopa mtu ni hatari kwa mtu na mifugo, na aghalabu mwisho wake ni risasi. Kwa sababu hiyo mtoto wa kimburu, duma au simba asichukuliwe nyumbani, hata akionekana ameachwa na mamaye. Wapewe habari wahusika wa wanyamapori.

Kwa paka wa nyumbani hukumu ni nyepesi zaidi. Anayemhamisha amwachie mlezi mpya kitambaa chenye harufu ya makazi ya kwanza, na paka afungiwe ndani kwa majuma machache ili asipotee akitafuta njia ya kurudi. Na mfugaji wa zamani akija kutembea, akae chini, amwite kwa sauti ile ile ya siku zote, asimkamate kwa nguvu.

Kazi ya wanafunzi

1. Naseni kwa simu sauti za wageni wanne na ya mfugaji mmoja, wote wakimwita paka kwa jina lake. Zichezeni kwa mpangilio wa jaribio la Wajapani, mfugaji akiwa amejificha. Andikeni mnachokiona tu: masikio, kichwa, mkia, sauti, hatua. Msimguse paka msiyemjua, kwani paka pia huweza kuambukiza kichaa cha mbwa.

2. Kwa nini sauti ya mfugaji haikutangulia? Elezeni kosa ambalo lingetokea.

3. Buni jaribio la kupima iwapo paka humkumbuka mfugaji aliyeondoka mwaka mmoja uliopita. Utaitofautishaje kumbukumbu ya sauti na ile ya harufu?