Je, kazi yangu ni kuhesabu vidonge tu?

Mama Mshauri, nakuandikia kutoka Masisi. Nilisomea usaidizi wa mfamasia, na sasa niko katika kituo cha afya cha kijijini. Titulaire wetu, yaani mkuu wa kituo, ni muuguzi wa miaka mingi, na ndiye anayeandika dawa. Mimi nahesabu vidonge na kuvitia kwenye bahasha. Nikiuliza jambo, ananiambia kazi ya dirishani haihitaji maswali. Wagonjwa wananiita muuza dawa. Sina matrikule, yaani namba ya mwajiriwa wa serikali; naishi kwa fungu dogo la mapato ya kituo. Kaka yangu aliye Walikale anasema niache, nifungue famasi karibu na migodi, huko pesa ipo. Nifanye nini?
Binti wa dirishani

Binti yangu,

Pesa nitaifikia. Kwanza nijibu lile linalokuumiza zaidi: hapana, kazi yako si kuhesabu. Muuguzi hupima, hutambua ugonjwa na kuandika dozi. Baada ya hapo mgonjwa hukutana na mtu mmoja tu kabla ya kurudi nyumbani, na mtu huyo ni wewe.

Jambo la kwanza ni maelezo. Mfikirie mama ambaye mtoto wake ana malaria. Artemeta-lumefantrini hunywewa mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Homa ikishuka siku ya pili, mama huyo atavificha vidonge vilivyobaki amwekee mdogo wa mtoto huyo. Mtoto wa kuhara naye hupewa zinki kwa siku kumi au zaidi, hata kama tumbo limetulia, na maji ya chumvichumvi ya pakiti yaliyochanganywa jana humwagwa. Usimuulize mama kama ameelewa, maana kila mtu hujibu ndiyo. Mwambie: «Mama, nionyeshe utakavyompa kesho asubuhi.» Kama Kiswahili kinamsumbua, tafuta mtu wa kumwelezea kwa Kihunde au Kinyarwanda. Asiyesoma, mchoree jua na mwezi kwenye bahasha.

Jambo la pili ni fishi ya stoki, karatasi ya kuandikia dawa zinazoingia na kutoka. Bohari kubwa la mkoa, ASRAMES, liko Goma. Barabara ya Sake hadi Masisi huharibiwa na mvua hata wakati wa amani, na vita vilipofika Goma Januari 2025, kisha Walikale mwezi wa Machi, ilionekana wazi kwamba dawa ya mwezi ujao haiwezi kusubiriwa bila hesabu. Basi hesabu vizuri. Tuseme katika miezi mitatu mmetoa vidonge 1,200 vya amoksisilini. Ukigawanya kwa tatu unapata 400 kwa mwezi. Lakini kama siku 30 kati ya hizo 90 rafu ilikuwa tupu, vidonge hivyo vilitoka kwa siku 60 tu, na hitaji lenu halisi ni 600 kwa mwezi. Kituo kinachoagiza 400 kimejipangia upungufu chenyewe. Andika kila siku ambayo dawa imekosekana, na ile inayokaribia kuisha muda itangulie kutoka.

La tatu linanigusa sana. Mwanamke aliyebakwa njiani kwenda shambani ana saa 72 za kuanza dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi, na kadiri anavyoanza mapema ndivyo kinga inavyokuwa bora. Hakikisha sanduku la dawa hizo limejaa, halijapitwa na muda, na kwamba usiku na Jumapili kuna mtu anayejulikana mwenye ufunguo. Ukiwa umeondoka nao mfukoni, kwa mwanamke huyo ni sawa na kwamba dawa haipo.

Sasa titulaire. Usimpinge mbele ya mgonjwa. Utamvunjia heshima, na mgonjwa atapoteza imani kwenu wote wawili. Lakini usitoe dozi unayoitilia shaka. Tuseme mtoto wa kilo 12 mwenye nimonia ameandikiwa kidonge kimoja cha amoksisilini cha miligramu 250 asubuhi na jioni, wakati mwongozo unataka viwili kila mara. Ingia ofisini na karatasi mkononi: «Papa, naomba unisaidie. Uzito wa mtoto huyu ni kilo 12, na jedwali linasema hivi. Tumpe ngapi?» Umemwachia uamuzi wake, na mtoto atapata dozi yake. Kisha kila mwisho wa wiki mpelekee karatasi moja: dawa zilizobaki, zinazokaribia kuisha, zinazotoka kupita kiasi. Mkuu wa kituo hulaumiwa rafu zikiwa tupu, kwa hiyo anayemwonya mapema atasikilizwa. Akiendelea kukufungia mlango, mweleze msimamizi kutoka ofisi ya zone ya afya siku anapokuja kukagua, ukiwa na fishi zako mezani.

Kuhusu famasi ya migodini, sikushauri. Kituo kinachoishi kwa malipo ya wagonjwa tayari huvutwa kutoa sindano na antibiotiki zisizohitajika. Dukani ungevutwa zaidi, kwa sababu chakula chako kingetoka kwenye kila kidonge ulichouza. Mchimbaji angekuja na homa bila kipimo wala karatasi ya muuguzi, akitaka umtibu papo hapo, nawe hukusomea kutibu. Bila ruhusa ya wakuu wa afya, duka lenyewe lingekuweka matatani.

Hata hivyo sikwambii uishi kwa moyo wa kujitolea peke yake. Kufanya kazi bila mshahara ni dhuluma, na wafanyakazi wengi wa afya Kongo wanaibeba. Peleka dosie yako ya kuomba matrikule ofisi ya zone, baki na nakala iliyopigwa muhuri, na uifuatilie. Omba mgawo wa mapato uandikwe na usomwe mbele ya kamati ya afya ya kijiji. Uliza pia nafasi katika mashirika; Médecins Sans Frontières, kwa mfano, wamekuwa Masisi tangu 2007, na msaidizi anayeweza kuonyesha fishi zilizotunzwa vizuri ana cha kuweka mezani.

Jipe mwaka mmoja. Mwaka ukiisha bila dosie kusonga, ondoka bila aibu, uende kwenye kituo au hospitali nyingine inayohitaji ujuzi wako. Wiki hii anza na mambo mawili: ujue ufunguo wa sanduku la saa 72 unalala kwa nani, na upige upya hesabu ya amoksisilini.

Mama Mshauri