Mtoto Njiti Anakusikia: Mlishe, Mwongeleshe

Leo tunaingia wodini, mahali ambapo vijana wengi hatufiki mpaka siku yatukute. Soma mpaka mwisho, halafu mpe na mwenzako asome.

Hebu tumwone binti mmoja wa miaka 19. Ni mfano tu, lakini wapo wengi kama yeye. Anatoka kijiji kimoja huko Kaliua. Mimba ilikuwa ya miezi saba, uchungu ukamshika usiku. Kajifungua mtoto wa kilo moja na gramu 300, wakapelekwa Tabora mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Sasa amekaa kando ya mtoto, mikono kaikunja. Hamgusi, hasemi naye. Anaogopa atamuumiza. Na shangazi yake kamwambia, "Usimzoee sana mwanangu, huyo bado hajawa mtu. Utakuja kuumia."

Je, shangazi kasema kweli? Ana huruma, hilo hatukatai. Lakini ushauri wake unaweza kumnyima mtoto vitu viwili anavyovihitaji sana: maziwa ya mama na sauti ya mama. Ndiyo somo letu la leo.

NJITI NI NANI?

Mimba ya kawaida hufika kama wiki 40. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 kutimia, huyo tunamwita njiti. Mwaka 2020 walizaliwa njiti kama milioni 13.4 duniani, yaani karibu mtoto mmoja kati ya kila 10. Kwa hiyo dada, hauko peke yako.

Sababu ni nyingi: malaria, maambukizi, shinikizo la damu, umri mdogo wa mama, mimba zinazofuatana haraka. Mapacha nao huwahi mara nyingi, ndiyo maana akina Kulwa na Doto wengi wameanza maisha wodini. Mara nyingine sababu haijulikani kabisa. Siyo uchawi, na siyo adhabu ya mama.

KIFUANI KWANZA

Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na njiti wengi na mashine chache za kuwapa joto. Akaanza kuwaweka watoto kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyombeba mwanawe. Njia hiyo ikaenea dunia nzima.

Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Watoto wenye kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilianza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa. Jingine lilisubiri kwenye mashine mpaka hali itulie. Katika kila watoto 100 waliosubiri, karibu 16 walifariki ndani ya siku 28. Katika kila 100 walioanza mapema, walifariki 12. Ndiyo maana mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kangaruu ianze mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Jinsi ya kufanya: mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Msimamishe katikati ya matiti, kifua chake kwenye kifua chako, uso umegeukia upande mmoja ili pua iwe wazi, miguu ikunjike kama ya chura. Mfunge kwa kitenge, imara lakini asibanwe. Nesi atakuonyesha mara ya kwanza. Baba, bibi na shangazi nao wanaweza kupokezana.

SAFARI YA CHAKULA: KAMBI TATU

Sisi wa Tabora tumekaa juu ya njia ya misafara. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mzigo wa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo. Hakuna aliyefika kwa siku moja. Walikwenda kambi kwa kambi. Kumlisha njiti nako ni hivyo hivyo. Ukitaka kuruka kambi, mtoto anapaliwa.

Kambi ya kwanza: mpira wa kulishia. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio ni kazi ngumu. Watoto wengi huanza kuiweza kati ya wiki ya 32 na ya 34 ya umri wa mimba. Kabla ya hapo nesi hupitisha mpira mwembamba puani au mdomoni mpaka tumboni. Usiuogope. Maziwa yanayopita humo ni yako wewe mama. Wakati yanapita, mweke mtoto kifuani, anuse ziwa, alambe tone midomoni. Anajifunza kwamba shibe inakuja na harufu ya mama.

Kambi ya pili: kikombe. Kikombe kidogo kisafi kinaegemezwa kwenye mdomo wa chini, mtoto mwenyewe anayalamba maziwa kwa ulimi. Usimmiminie. Chupa ya chuchu achana nayo, ni ngumu kuisafisha na inaweza kumchanganya.

Kambi ya tatu: ziwa. Mwanzoni atanyonya mara mbili tatu na kupumzika. Mwache apumzike, usimtikise. Anaweza kunyonya kidogo na kumaliziwa kwa kikombe. Siyo kwamba maziwa yako ni mabaya, ni nguvu zake bado.

KUKAMUA MAZIWA

Mtoto asiyenyonya hawezi kuliambia ziwa litengeneze maziwa. Mkono wako ndio unaoliambia. Anza ndani ya saa moja au mbili baada ya kujifungua kama hali yako inaruhusu, halafu endelea mara 8 au zaidi kwa siku, usiku pia.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Tumia kikombe kilichochemshwa.
2. Kanda ziwa polepole.
3. Weka dole gumba juu na vidole chini, pembeni ya weusi wa ziwa. Sukuma nyuma kuelekea kifuani, kisha bana, achia, bana, achia.
4. Zungusha vidole ili kila upande utoe. Usivute chuchu.
5. Funika kikombe. Kwa joto letu la Tabora, maziwa yasiyo kwenye friji yatumike ndani ya saa 4.

Siku za kwanza yatatoka matone tu, mazito na ya njano. Hiyo ndiyo dang'a. Usiimwage! Ina kinga nyingi, na tumbo la mtoto ni dogo mno. Maziwa ya mama pia hupunguza hatari ya utumbo wa njiti kuvimba na kuoza, ugonjwa unaoua. Kwa hiyo hakuna maji, hakuna maji ya sukari, hakuna uji wala dawa za mitishamba.

Mama mwenye VVU naye, akitumia ARV kila siku na mtoto akipewa dawa yake ya kinga, anaweza kumpa maziwa yake. Afuate maelekezo ya kliniki.

Mtoto hupungua uzito siku chache za mwanzo, usishtuke. Baadaye tunategemea aongezeke kama gramu 15 kwa kila kilo yake kwa siku. Muulize nesi kila anapopimwa. Ni haki yako kujua.

SASA TUJE KWENYE SAUTI

Hapa ndipo wengi tunasahau. Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, miezi kama mitatu kabla ya tarehe yake. Njiti wetu angekuwa bado humo ndani, akisikia moyo wa mama na sauti yake. Ghafla katolewa, sasa anasikia milio ya mashine na milango inayobamizwa. Sauti ya mama ndiyo kitu pekee anachokijua.

Watafiti wa Providence, Marekani, waliwavalisha njiti hospitalini vinasa sauti vidogo. Mwaka 2011 walieleza kwamba watoto hao hutoa visauti vyao hata wiki 8 kabla ya tarehe waliyotakiwa kuzaliwa, na walitoa zaidi wazazi walipokuwepo. Mwaka 2014 wakaonyesha kwamba waliosikia maneno mengi ya watu wazima wodini walipata alama nzuri zaidi za lugha walipopimwa baadaye wakiwa na miezi 7 na 18. Kumbe yule "asiye mtu" alikuwa darasani!

Utamwongelesha vipi?

- Sema polepole na kwa sauti ya chini, uso karibu na wake. Mtaje jina. Kama bado hamjampa, mwite mwanangu.
- Mweleze unachofanya: "Sasa nakufunga kitenge. Sasa maziwa yanakuja."
- Akitoa kisauti au akikutazama, mjibu, kisha nyamaza umpe zamu yake.
- Mwimbie. Wimbo wa bibi yako unatosha, redio haihitajiki.
- Tumia lugha yako ya moyoni. Kinyamwezi, Kisukuma, Kiha, Kiswahili, zote ni sawa, na lugha mbili hazimchelewesha.
- Wakati ananyonya au anakunywa kwa kikombe, punguza maneno. Ana kazi ya kupumua na kumeza. Ongea naye kabla na baada.

Na ujue akichoka. Akigeuza uso, akipiga miayo, akitanua vidole au akipata kwikwi, amesema "basi kwa sasa". Nyamaza, mkumbatie tu. Ngozi ikibadilika rangi au pumzi ikikatika, mwite nesi mara moja.

KWELI AU SI KWELI?

"Baba hana kazi wodini." Si kweli. Kifua cha baba kina joto, na sauti yake nayo ni ya kusemea na mtoto.

"Njiti akikua anakuwa mjinga." Si kweli. Wengine huhitaji msaada zaidi, lakini wengi huja kusoma na kufanya kazi kama wengine.

"Akiwa mzito zaidi ndipo nianze kumwongelesha." Si kweli. Anza leo.

WEWE KIJANA UFANYE NINI?

Labda wewe siyo mama wala baba. Ni mdogo wake, wifi au jirani. Mama anayekamua mara 8 anahitaji kula: ugali, maharage, karanga, mboga, dagaa, na maji mengi. Mpelekee. Mfulie vitenge. Mshike mtoto kifuani, ukiwa msafi na huna mafua, mama alale saa mbili. Kama mama ameajiriwa, mkumbushe aulize kazini kuhusu likizo ya mzazi wa njiti, maana sheria za kazi zimerekebishwa mwaka 2025. Na mtu akisema "usimzoee", jibu kwa heshima: "Shangazi, daktari anasema anatusikia."

MKIRUDI NYUMBANI

Kangaruu iendelee mpaka mtoto mwenyewe aikatae kwa kurusharusha miguu. Hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa. Aliyewahi miezi miwili, akifika miezi 6 mlinganishe na mtoto wa miezi 4. Manjano kali, maambukizi na baadhi ya dawa za kutibu maambukizi vinaweza kudhuru masikio, hivyo asiposhtuka kwa kelele au asipogeukia sauti, mpelekeni akapimwe.

Rudini hospitali haraka akigoma kunyonya, akipumua kwa shida, akiwa wa baridi au wa moto, akivimba tumbo, akipata degedege, akitoa choo chenye damu, au viganja na nyayo zikiwa za manjano.

Turudi kwa binti yetu wa Kaliua. Nesi kamvua mtoto nguo, kamweka kifuani, kafunga kitenge. Mwanzo binti kalia. Halafu kainamisha kichwa kasema, kwa sauti ambayo sisi wengine hatukuisikia vizuri, "Mwanangu, ni mimi." Mtoto akafumbua jicho moja. Hatujui kesho itakuwaje, wodi ile haina ahadi. Lakini leo amekula, na ameambiwa yeye ni wa nani.

MASWALI YA KUJADILI NA WENZAKO

1. Kwenu watu husema nini kuhusu mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati? Lipi linasaidia, lipi linaumiza?
2. Kwa nini tusiruke kambi katika kumlisha njiti?
3. Kama ni mdogo wako aliyelazwa, ungemwambia nini siku ya kwanza? Sema kwa sauti, wenzako wasikie.